Kutoka Uji Laini hadi Tonge la Familia: Kijiko, Mdomo na Uzito wa Chakula cha Mtoto

Chakula cha nyongeza ni kile anachopewa mtoto juu ya maziwa ya mama baada ya kutimiza miezi 6. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee katika miezi 6 ya mwanzo, kisha aanze kula huku akiendelea kunyonya hadi umri wa miaka 2 au zaidi. Kati ya mwezi wa 6 na wa 12, mtoto aliyejua kunyonya tu hutakiwa afike mahali pa kula wali, maharage, mboga na ugali wa nyumbani. Safari hiyo ina hatua tatu: chakula kilichopondwa kikawa laini kabisa, chakula chenye vibonge na punje, na chakula cha familia kilichokatwakatwa. Kijiko ndicho chombo chake kikuu, lakini kinachomfundisha mtoto kutafuna ni kile kilichomo ndani ya kijiko.

Zamani vyakula hivi viliitwa vyakula vya kulikiza, na kulikiza ni kumwachisha mtoto ziwa. Jina hilo lilibeba wazo kwamba uji ukiingia, ziwa linatoka. Washauri wa lishe wa leo husema "chakula cha nyongeza", kwa sababu kati ya miezi 6 na 12 maziwa ya mama bado yanaweza kutoa nusu au zaidi ya nishati anayohitaji mtoto. Chakula huja kuziba pengo linalobaki.

Kwa nini miezi 6

Pengo hilo lina pande mbili. Upande wa kwanza ni nishati. Mtoto anayenyonya vizuri anahitaji takriban kilokalori 200 kwa siku kutoka kwenye chakula akiwa na miezi 6 hadi 8, takriban 300 akiwa na miezi 9 hadi 11, na 550 baada ya mwaka 1. Upande wa pili ni madini, hasa madini ya chuma. Mtoto huzaliwa na akiba yake ya chuma, akiba hiyo hupungua sana kufikia mwezi wa 6, na maziwa ya mama hayana kiasi cha kutosha kuirejesha. Mtoto anayecheleweshewa chakula huingia kwenye hatari ya upungufu wa damu na kudumaa.

Mdomo nao huwa umekuwa tayari. Mtoto mchanga akiwekewa kitu mdomoni hukisukuma nje kwa ulimi, na mwitiko huo wa asili hufifia kati ya mwezi wa 4 na wa 6. Wakati huohuo shingo hukaza, mtoto huanza kukaa akiegemezwa, hutazama chakula cha wengine na kufungua mdomo kikimkaribia. Mtoto anayesukuma nje kila kijiko akiwa na miezi 4 mara nyingi hajakataa chakula; ulimi wake bado unafanya kazi ya mtoto wa kunyonya.

Rojo lilitoka wapi

Nchini Marekani, kampuni ya Gerber ilianza kuuza mboga na matunda yaliyochujwa kwa ajili ya watoto mwaka 1928, katika mji wa Fremont, jimbo la Michigan. Miongo iliyofuata, madaktari wengi wa Magharibi waliruhusu chakula kwa watoto wa umri mdogo sana, hata wa wiki chache. Mtoto wa umri huo hawezi kutafuna wala kukaa, kwa hiyo chakula pekee kilichowezekana kilikuwa rojo. Umri wa kuanzia ulisogezwa mbele polepole, na mwaka 2001 WHO ilipitisha ushauri wa miezi 6 kwa watoto wote duniani.

Umri ulisogea, lakini desturi ya rojo haikusogea sana. Mtoto wa miezi 6 anahitaji chakula laini kabisa kwa wiki chache tu, kwani mwezi wa 8 unapofika watoto wengi huweza kushika kipande laini na kukipeleka mdomoni wenyewe. Hata hivyo, chakula kilichosagwa kwenye blenda huendelea kutolewa hadi mwaka wa pili, na katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki nafasi hiyohiyo hushikwa na uji wa kunywa. Vyombo hutofautiana, matokeo hufanana: mtoto anameza bila kutafuna.

Mdomo unavyojifunza

Kutafuna ni ujuzi, na hujengwa hatua kwa hatua. Mwanzoni ulimi huenda mbele na nyuma tu, kama wakati wa kunyonya. Karibu na mwezi wa 6 au wa 7 taya huanza kupanda na kushuka, na chakula hupondwa kati ya ulimi na kaakaa. Kati ya mwezi wa 7 na wa 9 ulimi hujifunza kwenda pembeni, na hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote, kwa sababu ulimi usiokwenda pembeni hauwezi kupeleka kibonge kwenye ufizi kikapondwe. Taya huanza kuzunguka kama jiwe la kusagia karibu na mwezi wa 10 hadi 12, na huendelea kukomaa kwa miaka kadhaa baadaye.

Meno hayana nafasi kubwa katika hatua za mwanzo. Yanayotangulia kuota ni ya mbele, ambayo hukata, ilhali magego ya kwanza huja baada ya mwaka 1. Ufizi wa mtoto wa miezi 8 ni mgumu vya kutosha kuponda kiazi kilichoiva, ndizi mbivu au yai la kuchemsha. Kungoja meno yajae ndipo mtoto apewe vibonge ni kungoja kitu kisichohitajika.

Kuchelewa kuna gharama. Mwaka 1964 madaktari wa Uingereza Illingworth na Lister waliandika kwamba upo muda maalumu ambao mtoto huwa mwepesi kujifunza kutafuna, na ukipita kazi huwa ngumu zaidi. Utafiti mkubwa wa Bristol uliofuatilia watoto waliozaliwa mwaka 1991 na 1992 uliipa hoja hiyo uzito. Taarifa yake ya mwaka 2001, iliyohusu akina mama zaidi ya 9,000, ilionyesha kwamba watoto walioanza vibonge baada ya mwezi wa 10 walikuwa wasumbufu zaidi kulishwa walipofika miezi 15. Taarifa ya mwaka 2009 iliwaangalia watoto hao wakiwa na miaka 7: waliochelewa kupewa vibonge walikula matunda na mboga chache zaidi. Tafiti za aina hii zinaonyesha mambo mawili yanayoandamana. Hazithibitishi kwamba moja limeleta jingine, kwa maana huenda baadhi ya watoto walicheleweshwa kwa kuwa walikuwa wagumu tangu mwanzo. Hata hivyo, miongozo ya kimataifa imeufanya mwezi wa 10 kuwa alama ya tahadhari.

Uji mwepesi na hesabu ya tumbo

Katika Afrika Mashariki suala la uzito wa chakula halihusu kutafuna peke yake. Tumbo la mtoto hubeba takriban gramu 30 za chakula kwa kila kilo ya mwili wake, hivyo mtoto wa kilo 8 hujaa kwa gramu 240, karibu kikombe kimoja cha mililita 250. Uji wa kunywa uliotengenezwa kwa gramu 20 za unga katika kikombe hicho una takriban kilokalori 70. Mtoto ameshiba, lakini aliyemlisha hajaziba hata nusu ya pengo la siku. Akipewa vikombe vitatu vya namna hiyo, vinachukua nafasi ya maziwa, ambayo ni bora kuliko uji huo.

Uji uleule ukiongezwa kijiko kimoja cha chai cha mafuta hupata kilokalori 40 hivi, na kijiko cha chakula cha karanga zilizosagwa huongeza 90 hivi. Kikombe kile cha 70 kinakuwa cha 200. Hapo ndipo lishe na mafunzo ya mdomo vinapokutana: chakula kizito kisichomwagika upesi kijiko kikiinamishwa humpa mtoto nishati zaidi, na humlazimu autumie ulimi wake.

Kikwazo ni kwamba unga ukiongezwa, uji hushikamana na kumwia mtoto mgumu kumeza. Watafiti wa Tanzania walilifanyia kazi tatizo hilo katika miaka ya 1980 kwa kutumia kimea, yaani unga wa mtama au ulezi uliooteshwa, ukakaushwa na kusagwa. Kiasi kidogo cha kimea kikikorogwa kwenye uji mzito wa moto, vimeng'enya vyake hukata wanga, na uji hulainika bila kuongezewa maji. Maarifa hayo yalikuwa ya kale katika nyumba zilizotengeneza togwa na pombe. Jipya lilikuwa kuyapeleka kwenye bakuli la mtoto. Uji wenye kimea lazima uchemshwe tena kabla mtoto hajalishwa.

Unga wa lishe nao unahitaji kuangaliwa kwa hesabu, ya makundi ya chakula. Mahindi, mchele, ngano, mtama na ulezi vikisagwa pamoja bado ni nafaka, kundi moja la chakula. WHO na UNICEF hupima mlo wa mtoto wa miezi 6 hadi 23 kwa makundi 8: maziwa ya mama; nafaka, mizizi na ndizi za kupika; jamii ya kunde, karanga na mbegu; maziwa mengine na mazao yake; nyama, kuku na samaki; mayai; matunda na mboga zenye vitamini A kwa wingi; na matunda na mboga nyingine. Mtoto anapaswa kupata angalau makundi 5 kwa siku. Nafaka tano kwenye mfuko mmoja hazifikishi hesabu hiyo. Kibakuli kimoja cha viazi lishe vilivyopondwa na dagaa wa kusaga, pamoja na mchicha na tone la mafuta, hukaribia zaidi.

Ngazi kwa vyakula vya nyumbani

Hatua ya kwanza huanza na vijiko 2 au 3 vya chakula kwa mlo, mara 2 hadi 3 kwa siku. Chakula hupondwa kikawa laini, lakini kiwe kizito kiasi cha kukaa kwenye kijiko: uji mzito wenye karanga, boga, kiazi kitamu, parachichi, papai, au mtori wa ndizi na nyama uliochujwa. Kiasi hupanda taratibu hadi nusu kikombe cha mililita 250 kufikia mwezi wa 8.

Hatua ya pili huanza wiki chache tu baada ya hapo, kwa kawaida katika mwezi wa 7. Blenda huwekwa kando, uma na mwiko vikashika kazi. Mapishi ya pwani yana vyakula vilivyokwisha kujipanga kwa hatua hii. Mseto wa mchele na choroko, ukipikwa hadi ukaiva sana, una punje laini zilizoshikwa na rojo moja. Ubwabwa uliopondwa na maharage yaliyomenywa maganda, na bokoboko la ngano na nyama ambalo Waswahili na Waomani wanalipika kwa namna zinazokaribiana, vina sifa hiyohiyo. Chakula cha namna hii humpa mtoto vibonge vilivyosambaa sawasawa.

Kigumu kuliko vyote kwa mdomo unaojifunza ni chakula cha aina mbili kwa mpigo, kama vipande vya viazi vinavyoelea kwenye supu nyepesi, au punje za wali ndani ya maji ya mchuzi. Ulimi hulazimika kumeza maji na kuzuia kipande kwa wakati mmoja. Walezi wengi huanza na chakula hicho hicho, mtoto akatema, wakahitimisha kwamba hapendi vibonge. Dawa ni kuponda vipande ndani ya mchuzi mpaka vishikamane, na kuacha supu yenye vipande hadi karibu na mwaka 1.

Hatua ya tatu hufunguka kati ya mwezi wa 8 na wa 9. Mtoto hupewa vya kushika mkononi: kipande cha ndizi mbivu, chapati laini, kiazi kilichoiva, yai lililokatwa kwa urefu. Milo huwa 3 hadi 4 kwa siku, pamoja na asusa mara 1 au 2. Ugali huja humu, na unataka uangalifu wake, kwa sababu tonge kavu hunata. Likilainishwa kwa mchuzi au kwa mlenda, kama zifanyavyo nyumba nyingi za Tanzania ya kati, hushuka vizuri. Mtoto akitimiza miezi 12 anaweza kula chakula cha familia, robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima kwa mlo.

Kijiko mkononi mwa mlezi

Kijiko kinachofaa ni kidogo, si cha kina kirefu, na ncha zake si kali. Mtoto hukaa wima akitazamana na anayemlisha. Hapakatwi akiwa amelala chali. Kijiko husogezwa usawa wa mdomo na kungojewa. Mtoto anapofungua mdomo, kijiko huwekwa juu ya ulimi, midomo ikaachwa ifunge yenyewe, kisha kikatolewa moja kwa moja. Kukwangua chakula kwenye ufizi wa juu humnyima mtoto kazi ya mdomo wake wa juu. Vibonge vinapoanza, sehemu ya chakula huwekwa pembeni mwa ufizi, ili ulimi ulazimike kukifuata.

Mkono uliooshwa kwa sabuni unaweza kufanya kazi ya kijiko, kama ilivyo desturi katika nyumba nyingi. Chupa haiwezi. Chuchu iliyotobolewa tundu kubwa ili uji upite humfanya mtoto aendelee kunyonya, na kuisafisha ni kazi ngumu.

Kumbana mtoto pua au kumshika mikono ili ameze bado kunafanyika. Mtoto anayelia huvuta pumzi kwa nguvu, na uji unaweza kuingia kwenye mapafu. Hata asipopaliwa, hujifunza kwamba kijiko ni adui. Kulisha kwa kufuata ishara zake ni kutambua kwamba kugeuza uso, kufunga mdomo na kusukuma kijiko maana yake ni "nimetosheka" au "ngoja". Chakula kipya kinaweza kukataliwa mara 8, 10 au zaidi kabla hakijakubalika. Kurudi nacho siku nyingine bila ugomvi ndiyo njia iliyothibitika.

Kujilisha mwenyewe

Upo mtazamo unaokiacha kijiko kabisa. Muuguzi wa Uingereza Gill Rapley aliueneza kwa kitabu alichokitoa mwaka 2008 pamoja na Tracey Murkett: mtoto wa miezi 6 huwekewa vipande laini mbele yake, ajilishe. Hoja yake ni ile iliyotajwa juu, kwamba rojo ni urithi wa zama za kulisha mapema mno. Hofu kubwa ilikuwa kupaliwa. Jaribio la Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, lililotangazwa mwaka 2016 na kuhusisha watoto 206, lilikuta kwamba asilimia 35 walipaliwa angalau mara moja kati ya mwezi wa 6 na wa 8, bila tofauti ya maana kati ya waliojilisha na waliolishwa kwa kijiko. Lakini wazazi wa jaribio hilo walikuwa wamefundishwa vyakula vya kuepuka na namna ya kuhakikisha chuma hakikosekani.

Kwa mtoto ambaye upungufu wa damu ni hatari halisi, kutegemea vipande peke yake hakufai, maana ini, nyama ya kusaga na dagaa hupita vizuri zaidi kwa kijiko. Njia iliyo salama ni kuchanganya: mlezi ana kijiko chake, mtoto ana chake, na kipande cha kushika kipo sahanini.

Kupaliwa na kukosea njia

Mtoto anayekutana na kibonge mara ya kwanza hutoa ulimi, hukohoa, uso ukawa mwekundu kama anayetaka kutapika. Huo ni ulinzi wake unaofanya kazi, na hauhitaji kuingiliwa. Kukabwa kwa kweli huwa kimya: mtoto halii, hakohoi kwa sauti, midomo inabadilika rangi. Aliye chini ya mwaka 1 hulazwa kifudifudi juu ya mkono, kichwa kikiwa chini ya kifua, akapigwa mara 5 kati ya mabega. Kisha hugeuzwa na kubonyezwa kifua mara 5, huku msaada ukiitwa. Vidole havichokolewi kooni pasipoonekana kitu.

Karanga nzima, bisi, pipi, zabibu nzima, karoti mbichi, muwa, soseji za mviringo na samaki mwenye miiba havimfai mtoto mdogo. Karanga zenyewe si adui. Utafiti wa London uliochapishwa mwaka 2015, uliohusu watoto 640 wenye hatari ya mzio, ulionyesha kuwa kula karanga mapema kulipunguza sana mzio wa karanga. Muhimu ziwe zimesagwa. Asali haitolewi kabla ya miezi 12 kwa sababu ya hatari ya sumu ya botulizimu. Chai, hata ya maziwa, huzuia mwili kufyonza chuma. Chumvi na sukari hazihitajiki katika mwaka wa kwanza.

Mahindi na karanga vina hatari isiyoonekana, sumukuvu. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 nchini Kenya, na mwaka 2016 mlipuko mwingine ulitokea Dodoma na Manyara. Nafaka na karanga za mtoto huchambuliwa, na zilizovunda hutupwa. Kuzisaga kwenye unga wa lishe hakuondoi sumu.

Wanaohitaji mpango wao

Mtoto njiti huhesabiwa kwa umri uliorekebishwa, si tarehe ya kuzaliwa peke yake. Mwenye mtindio wa ubongo, mdomo sungura au kaakaa lililopasuka anaweza kuhitaji mkao maalumu na uzito wa chakula uliopimwa na mtaalamu. Ni vyema pia kumpeleka kliniki mtoto anayekohoa kila anapolishwa, anayepata homa ya mapafu mara kwa mara, ambaye mstari wake wa uzito kwenye kadi umelala au kushuka, au ambaye amefika mwezi wa 10 na bado hutema kila chakula chenye kibonge.

Kwa mtoto mwingine yeyote, uji wa kunywa na rojo la blenda ni mlango wa kuingilia, si chumba cha kukaa. Mtoto aliyetimiza mwaka 1 akiwa bado anameza tu amecheleweshwa, hata kama kadi yake inaonyesha uzito mzuri. Kufikia siku hiyo, kilicho kwenye sahani yake kiwe kilekile kilichopo kwenye sinia la familia, kimekatwa vipande vidogo na kulainishwa kwa mchuzi usio na pilipili.